Taa ya Tatu

Siku binti yangu Loyce aliporusha ndege kwa mtihani wake wa mwisho, mimi nilikuwa ndani ya ndege hiyohiyo, safu ya tano, dirishani, nimejifunika kofia ya pama, miwani myeusi na barakoa, na yeye hana habari. Hilo ni kweli tupu. Na mengine nitakayosimulia hapa ni kweli vilevile, isipokuwa pale nitakapozidisha chumvi, na hapo ulimi wako mwenyewe utakuambia.

Loyce alikuwa rubani msaidizi kwa miaka saba. Mabegani alikuwa na mistari mitatu. Ili apate wa nne, awe kapteni, ilibaki safari moja tu: akae kiti cha kushoto, kiti cha mkubwa, aendeshe ndege yenye abiria, na kulia kwake akae mkaguzi aitwaye Kapteni Nathan. Huyo Nathan marubani wote walimwogopa. Inasemekana siku ya harusi yake mpiga picha alimwomba atabasamu, naye akamwomba mpiga picha aonyeshe kibali. Mwaka uliotangulia Loyce aliwahi kukaa mbele yake, akaangushwa. Nathan aliandika mstari mmoja: "Anajua kazi, ila hajajua kukataa." Mwanangu alilia wiki nzima. Na safari hii akiangushwa, mlango umefungwa. Atabaki na mistari mitatu mpaka astaafu.

Basi Jumamosi akampigia mama yake simu. Simu ya mke wangu Redempta inasikika hadi kwa jirani, kwa hiyo usiseme nilidukiza.

"Mama, ni Jumanne. Dodoma kwenda Mwanza. Niombeeni, lakini msije. Hasa Baba."

"Baba yako amekukosea nini?"

"Mama, unajua."

Na mimi najua. Siku alipopata mstari wa tatu nilikwenda uwanja wa ndege kumpongeza, nikawasimulia askari wa ukaguzi habari ya fisi wa Itigi aliyepanda treni kwa tiketi ya daraja la pili, kisha akalalamika kwamba kiti kina kunguni. Walicheka mpaka mizigo ya watu ishirini ikapita kwenye mashine bila mtu kuitazama. Yote ikarudiwa, ndege ikachelewa, na Loyce akaandika barua ya kujieleza.

Lakini hebu niambie. Mtu umemlea mwanao kwenye nyumba za reli pale Manyoni, umemwona akirusha vindege vya karatasi kutoka juu ya tangi la maji, halafu siku ya siku ukae Mandewa, kwetu Singida, unapalilia alizeti? Miguu yangu ilikataa.

Bahati ilinipenda. Catherine, mdogo wake Redempta, anaishi Mwanza, na binti yake alikuwa amejifungua mapacha. Nikamwambia Samweli, kitinda mimba wetu, atukatie tiketi za Jumanne.

"Jumanne?" Redempta akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Si ndiyo siku ya Loyce?"

"Loyce anarusha ya jioni. Sisi tunapanda ya asubuhi."

"Nani kakuambia?"

"Ratiba."

"Na hiyo miwani?"

"Macho yananiuma, Mama Loyce. Vumbi hili."

Jumatatu tukapanda basi hadi Dodoma, tukalala kwa mpwa wangu, na asubuhi tukaingia kwenye ndege. Ilikuwa ndege ya injini mbili kubwa, zile zinazonguruma kama simba aliyemeza radi. Redempta alipakata kapu lenye kuku wawili wa kienyeji waliokwisha kukaangwa, maana ukitoka Singida kwenda kumwona mzazi mikono mitupu, watu watauliza kama kuku wote wamekufa kwa kideri. Kiti cha tatu, upande wa njia, akakaa mfanyabiashara wa asali kutoka Itigi, jina lake Anselm, jitu la miraba minne. Mkanda wake ilibidi uongezewe kipande.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," akasema, akitweta.

"Marahaba," tukajibu.

Mara kipaza sauti kikakohoa. "Habari za asubuhi, abiria wetu. Kutoka chumba cha marubani naitwa Loyce Ntandu, nikiwa na Kapteni Nathan..."

Redempta akanigeukia polepole, kama geti linalohitaji mafuta.

"Baba Loyce."

"Naam."

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Inafanana na ya mtu."

Akanifinya paja mpaka nikaona nyota za mchana. Kisha akanisemesha Kinyaturu, lugha anayoiweka akiba kwa hasira, na maneno hayo siyaandiki kwa sababu wajukuu wanasoma.

"Mzee, kuna shida?" Anselm akauliza.

"Mke wangu anaogopa ndege."

"Siogopi ndege," Redempta akasema. "Namwogopa niliyekaa naye."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Sasa, ndege ikishaacha ardhi inakunja magurudumu yake tumboni kama kunguru anavyokunja miguu, na ukiwa ndani unasikia vishindo chini ya sakafu. Mimi nilisikia vishindo viwili. Cha tatu sikukisikia. Mtu aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na mbili, masikio yake yanahesabu magurudumu hata akiwa usingizini.

Yaliyotokea kule mbele Loyce alinisimulia baadaye, nami nimeongeza milango na madirisha tu. Kengele ililia mara moja, na kwenye skrini yakatokea maandishi ya manjano: gurudumu la mbele halijakaa mahali pake. Loyce hakukurupuka. Akaizuia ndege isikimbie sana, kwa sababu ukiikimbiza na gurudumu linaning'inia, upepo unaweza kuling'oa. Nathan akafungua kitabu cha maelekezo, akasoma hatua moja moja, na Loyce akaagiza magurudumu yote yashushwe tena.

Mbele yao kuna taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu wa ndege. Mguu ukishuka na kujifunga imara, taa yake inawaka. Ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikawaka. Ya tatu, ya mguu wa mbele, ikabaki giza. Wakajaribu njia ya pili, ya kuuachia mguu udondoke kwa uzito wake wenyewe. Giza vilevile.

Maana yake ni mojawapo kati ya mawili. Ama mguu umejifunga na taa ndiyo inayodanganya, ama mguu haujajifunga, na ndege ikitua utakunjika, pua ipige lami.

"Hii ni taa tu," Nathan akasema. "Nimeruka miaka thelathini, nimeiona mara sita, na mara zote sita mguu ulikuwa mzima."

"Inawezekana, Kapteni."

"Basi kunja magurudumu, twende zetu Mwanza. Mafundi wetu wako kule. Ukirudi Dodoma, hawa abiria watakosa shughuli zao, na mimi nitaandika kwamba safari yako ya mtihani haikufika."

Loyce akaitazama ile taa.

Ngoja nikueleze kitu. Stesheni ya Manyoni, enzi za taa za mafuta ya taa, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mbuzi wa stesheni waliijua: taa ya ishara isipowaka, ihesabu nyekundu. Usiseme mafuta yameisha. Usiseme upepo umeizima. Simamisha treni, teremka, nenda kaangalie. Nyumba yetu ilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye ishara, na nimewahi kusimamisha treni nzima ya mizigo kwa sababu bundi alikuwa amekalia kioo. Dereva alinitukana kwa lugha tatu. Loyce aliyasikia matusi yote dirishani, akanywa uji wake.

"Kapteni," akamwambia Nathan, "kwetu taa isiyowaka inahesabiwa nyekundu. Narudi Dodoma. Na nitatua kama mtu ambaye mguu wake wa mbele haujajifunga."

Nathan akapapasa mfukoni. Akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaigeuza isisomeke.

Lakini kurudi nako kulikuwa na mlolongo wake. Ndege ilikuwa imejaza mafuta ya kwenda na kurudi, ni nzito, na ndege nzito haitui kwa upole. Ilibidi mafuta yapungue kwanza. Mnara wa Dodoma ukawaelekeza wazungukie upande wa magharibi, ambako anga lilikuwa tupu. Na magharibi ya Dodoma, bwana, ni kwetu.

Loyce akatutangazia. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Akasema kuna taa ya tahadhari ya gurudumu la mbele, akasema tutazunguka kama saa moja kisha turudi Dodoma, akasema tutaona magari ya zimamoto na tusishtuke, yapo kwa ajili ya kutupokea.

Ndege nzima ikanyamaza kama darasa mwalimu anapouliza nani kavunja dirisha. Kisha Anselm akashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Tumekwisha," akasema. "Mzee, tumekwisha. Nina mizinga mia mbili porini, nani atarina?"

"Nyuki watarina wenyewe. Wewe umewahi kusafiri na chombo kisicho na gurudumu?"

"Sijawahi!"

"Mimi nimewahi. Mwaka sabini na nane, Saranda, nililetewa behewa halina gurudumu moja la mbele. Tukafanyaje? Tukamwita mpishi wa stesheni, mama mmoja aliyeshiba, tukamkalisha kona ya nyuma. Behewa likanyanyua pua, likafika Itigi limetulia kama askari gwarideni."

"Mzee, hiyo ni kweli?"

"Muulize mke wangu."

"Msimuulize mke wake," Redempta akasema, lakini midomo yake ilikuwa imeanza kulegea.

Viti vya nyuma yetu wakacheka. Mmoja akadai nirudie kwa sauti. Nikarudia, na safari hii mpishi alikuwa mnene zaidi. Wakati huo tumeshafika juu ya Singida, ndege imelala ubavu inazunguka, na dirishani kwangu Ziwa Singidani linang'aa kama sinia jipya, yale mawe makubwa yamekaa kama ng'ombe wanaocheua. Nikaiona Mandewa. Nikaiona nyumba yangu.

"Lile bati jipya ni langu!" nikapaza sauti. "Na yule kwenye alizeti yangu ni jirani yangu Bonifasi! Amevaa shati langu!"

"Kutoka huku juu unamwona?" akauliza mama mmoja wa safu ya sita.

"Namwona hadi kifungo kilichokatika."

Watu wakajazana madirishani kumtazama mwizi wa shati. Tuliizunguka Singida mara tatu. Baadaye nilikuta habari mtaani kwamba Bonifasi kweli alikuwa nje, akaona ndege inazunguka chini kuliko kawaida na magurudumu yanaonekana, akapiga kelele kwamba mtoto wa Mzee Amosi, yaani wangu, amekuja kusalimia kwao. Mandewa yote ikatoka. Kanga zikapungwa, vigelegele vikapigwa, mwenyekiti wa mtaa akaenda kuvaa koti. Mpaka leo wanasema Loyce aliwazungukia mara tatu kwa heshima, na mimi nikiwaeleza ilivyokuwa, wananiambia nimezidi uongo.

Mhudumu mkuu wa ndege, binti mrefu aitwaye Kristina, akasimama mbele ya abiria na kipaza sauti.

"Ndugu abiria, rubani anaomba watu kumi wa safu za mbele wahamie viti vya nyuma vilivyo wazi. Ni kwa ajili ya kutua salama."

Hakuna aliyenyanyuka. Safu za mbele walikaa watu wa suti. Mmoja akasema alichagua kiti cha mbele na hatoki. Mwingine akasema mkia wa ndege ndiko inakoanguka kwanza. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake, akafumba macho. Kristina akarudia, mara ya pili, ya tatu, kisha akageuka kuutazama mlango wa marubani.

Nikafungua mkanda. Redempta akanishika shati.

"Baba Loyce, atakujua."

"Anajua kuendesha ndege, hilo ndilo linalotakiwa."

Nikavua kofia, nikavua miwani, nikavua barakoa, nikasimama kwenye njia.

"Ndugu zangu! Nani hapa amewahi kushuka mlima wa Kilimatinde juu ya lori la magunia, breki zenyewe za kukisia?"

"Mimi!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Mlikaa wapi?"

"Nyuma kabisa, juu ya mkia!"

"Kwa nini?"

"Pua isizame!"

"Haya. Rubani anataka pua ya ndege iwe nyepesi, mkia uwe mzito. Sisi wembamba hatuna faida yoyote, tukae tulipo. Leo kitambi ni cheo! Naanza mnada. Nani ana kilo themanini?"

Kicheko kikapita, na mtu wa suti, yule yule aliyegoma, akanyanyua kidole. "Themanini na nane."

"Themanini na nane, pita, mheshimiwa! Mwingine?"

"Tisini na tano!"

"Tisini na tano, pokea heshima yako! Nani anazidi?"

"Mia na sita," akasema yule mama wa mkoba, macho bado amefumba, na watu wakampigia makofi hadi akayafumbua.

Ndipo Anselm akasimama. Kiti kilishusha pumzi. "Mia na thelathini na mbili," akasema kwa sauti nzito, "na sijanywa chai."

Ndege nzima ililipuka kwa kicheko. Alipita katikati ya viti kama bwana harusi, watu wanampiga mabegani, na alipofika nyuma naapa nilihisi pua ikinyanyuka kidogo. Wakahama kumi na mmoja. Kristina akanijia, anajaribu kukunja uso na uso unakataa.

"Shikamoo mzee. Asante. Sasa naomba ukae."

"Marahaba, mwanangu. Wa kumi na moja huyo ni nyongeza, usimrudishe."

Akainua simu ya ndani, akampigia rubani. "Wamehama kumi na mmoja. Kuna mzee amewanadi kama ng'ombe wa mnadani."

"Mzee wa namna gani?" Loyce akauliza.

"Mwembamba, ameshika kofia ya pama, anasema amewahi kusafirisha behewa bila gurudumu."

Loyce akamkatiza. "Mwambie akae, afunge mkanda. Na habari ya fisi asiianze mpaka tutue."

Nathan akamtazama. "Unamfahamu?"

"Ni baba yangu. Na kama yeye yupo, mama yupo."

"Ukitaka, natua mimi," Nathan akasema, safari hii kwa upole. "Hakuna aibu. Mtu na wazazi wake."

"Hapana, Kapteni. Nimebeba watu tisini na wanane tangu asubuhi. Wawili nimewajua majina, basi."

Nathan akageuza karatasi yake, akaandika tena.

Sasa hapa chumvi naiweka kando. Dodoma ilipoonekana, niliogopa. Niliona magari mekundu ya zimamoto yamepangwa pembeni ya lami, na hadithi zote zikanitoka. Kristina akatuamuru tuiname, vichwa magotini. Redempta akanipa mkono wake chini ya kapu la kuku, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto ana utulivu. Kumbuka alivyokuwa anabeba ndoo ya maji kichwani bila kushika." Nikakumbuka. Hakuwahi kumwaga tone.

Magurudumu ya nyuma yakagusa lami. Kwa ulaini huo, hata yai lingesema asante. Pua ikabaki juu. Loyce alikuwa ameishikilia, na ndege inakimbia kwa miguu miwili ya nyuma kama jogoo anayejiandaa kuwika. Tukasubiri. Ndege inapungua mwendo, pua bado juu. Inapungua, bado juu. Kuna mtu alikuwa anahesabu kwa sauti, na alipofika kumi na tisa pua ikaanza kushuka, taratibu, taratibu, kama bibi anayekaa kwenye kigoda.

Tuk.

Gurudumu likabingirika. Mguu haukukunjika. Ndege ikasimama katikati ya lami, na Redempta, aliyesema asubuhi kwamba hatanisemesha mpaka Krismasi, akapiga kigelegele kilichowashtua zimamoto wawili wakafungulia maji.

Tuliteremshwa kwa ngazi. Fundi akaja na tochi, akaingiza kichwa chini ya ndege, akatoka na kidude kidogo kama kizibo cha soda. Kidude hicho ndicho kinachoipa taa habari kwamba mguu umejifunga au umekunjika, na kilikuwa kimegandwa na tope kavu.

"Mguu ni mzima kabisa," fundi akasema. "Ulibaki chini, umejifunga, muda wote. Tope tu."

Abiria wakatazamana.

"Tope?" akasema yule wa kilo themanini na nane. "Nimekosa mkutano wangu wa Mwanza kwa tope?"

"Si walisema taa tu?" mwingine akadakia. "Sasa si tungeenda zetu?"

Nikamwona Loyce amesimama chini ya bawa, anayasikia yote. Mistari mitatu mabegani. Kapteni Nathan akamwita pembeni, ile karatasi mkononi. Mimi nikasogea karibu yao, nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

"Nilikuambia ni taa tu," Nathan akasema.

"Ulisema, Kapteni."

"Na nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

"Nilikuwa nabahatisha." Akakunjua karatasi. "Sikuwa na njia ya kujua, na wewe hukuwa na njia ya kujua. Nilikusukuma makusudi. Hata kama tungefika Mwanza salama na abiria wakafurahi, kunisikiliza tu kungetosha nikuangushe papo hapo. Mkono wangu ulikuwa tayari kukuzuia usikunje yale magurudumu."

Loyce akanyoosha shingo kuisoma ile karatasi.

"Halafu nikakupa nafasi ya kukwepa kutua, ukaikataa nayo." Akatia saini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa vibandiko viwili vipya vya mabegani, vya mistari minne minne, bado kwenye mfuko wa nailoni. "Nilikuwa nayo tangu asubuhi. Sikujua kama nitarudi nayo." Kisha, na hili nina shahidi, Nathan akatabasamu. Ilichukua muda, kama stoo iliyofungwa miaka mingi, lakini ilifunguka. "Huyo mzee asiye na kamba za viatu ndiye aliyekufundisha habari ya taa?"

"Ndiye."

"Mwambie asimame, mgongo utamuuma."

Nikasimama. Loyce akanijia, na nilitegemea kufokewa, nimejiandaa na visingizio vinne. Nilipomwona na mistari ile minne, visingizio vikapotea. Nikapiga saluti, nikainama.

"Shikamoo, Kapteni."

"Baba!" Akaruka nyuma kana kwamba nimemrushia nyoka. "Usinitie laana! Mama, mwambie!"

"Mtu mzima hamwamkii mtoto!" Redempta akanipiga na kanga. "Utamfanya aote mvi!"

"Siondoki mpaka aitikie marahaba."

"Siitikii! Shikamoo wewe, Baba. Shikamoo mara kumi!" Na tayari alikuwa ananikumbatia, anacheka, machozi yanamlowesha Nathan aliyekuwa karibu mno. Kule nyuma Anselm, kilo mia na thelathini na mbili, alishaanza kuwaeleza wale walionuna kwamba amepata kusafiri na marubani wengi, ila huyu ndiye wa kwanza aliyemthamini kwa uzito wake. Hata wa themanini na nane akacheka.

Saa tisa alasiri ililetwa ndege nyingine. Kwa kusubiri huko wale kuku walikuwa wameliwa, na firigisi zote mbili Redempta alimpa Kapteni Nathan, bila hata kunitazama mimi niliye baba wa nyumba. Tukapanda. Anselm alikataa safu ya tano, akaenda mwenyewe nyuma kabisa, anasema huko ndiko kwenye heshima yake. Milango ikafungwa, Kristina akatugawia pipi, na kipaza sauti kikakohoa.

"Habari za mchana, abiria wetu. Hapa ni kapteni wenu, Loyce Ntandu."

Ndege nzima ikapiga makofi, wengine wanagonga viti. Redempta akanigeukia.

"Baba Loyce, mbona kimya? Leo huna la kusema?"

Nikatikisa kichwa, nikatazama dirishani.

"Unalia?"

"Pipi," nikasema. "Nimemeza pipi nzima."